Vifaranga wamedumaa baada ya kulishwa soya niliyoikaanga mwenyewe: nimekosea wapi?

Mkulima Mfugaji ameuliza:

Ndugu wafugaji, salamu kwenu nyote.

Ninalima soya, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiuza mavuno yote kisha kununua mashudu ya soya kwa ajili ya kuku wa nyama, nguruwe wachache na ng'ombe wawili wa maziwa. Msimu huu niliona si busara kuuza punje zangu na kurudi kununua kilichobaki baada ya mafuta kukamuliwa, kwa hiyo niliamua kukaanga soya hapa hapa shambani, kuisaga na kuichanganya na mahindi, pumba na madini.

Nilitumia karai pana juu ya moto wa kuni, huku nikigeuza kwa mwiko mrefu. Mkupuo wa kwanza niliukaanga kwa dakika 15 hivi, mpaka maganda yakaanza kupasuka na harufu nzuri ikatoka. Vifaranga walianza kula chakula hicho wakiwa na umri wa siku 7, na kufikia wiki ya tatu walikuwa wamepishana mno kwa ukubwa, kinyesi chao kikawa cha majimaji, na matandiko ya banda yakawa yanalowa muda mfupi baada ya kubadilishwa. Nilimchinja mmoja aliyedumaa ili nimtazame ndani. Sikuona kasoro kwenye ini wala utumbo, ila kongosho, ambayo kwa kuku imelala katika mkunjo wa mwanzo wa utumbo mwembamba, ilikuwa kubwa kuliko nilivyozoea kuiona.

Nikahisi soya haikuiva. Mkupuo wa pili niliukaanga kwa karibu dakika 40, mpaka punje zikawa za kahawia iliyokolea. Kinyesi kimekauka kiasi, lakini ukuaji haujabadilika, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana nilitarajia kwamba moto mwingi ungelimaliza tatizo.

Ninaomba kujua soya inapaswa kufikia joto gani, nitatambuaje kwamba imeiva bila kuungua, na kama ninaweza kuwapa ng'ombe soya mbichi ili niokoe kuni kwa ajili ya kuku na nguruwe.

---

Lishe na Mifugo amejibu:

Ndugu Mkulima Mfugaji, pole kwa hasara hiyo, na nakushukuru kwa kueleza kwa undani, kwa sababu maelezo yako yanaonyesha kwamba umekosea mara mbili, na kosa la pili ni kinyume cha la kwanza.

Soya mbichi ina protini nyingi, kati ya asilimia 36 na 40 ya uzito wake, lakini imebeba pia vitu vinavyomzuia mnyama kuitumia protini hiyo. Kikubwa kati ya hivyo ni vizuizi vya tripsini. Tripsini ni kimeng'enya kinachotengenezwa na kongosho ili kuvunja protini ndani ya utumbo, na vizuizi hivyo huishika na kuifunga isifanye kazi. Mwili unapogundua kwamba tripsini haitoshi, huiamuru kongosho itengeneze zaidi, nayo hutanuka kwa kazi hiyo isiyokwisha, ndiyo maana uliiona ikiwa kubwa. Hasara inakuwa ya pande mbili: protini ya chakula inapita bila kusagika, na mwili unapoteza asidi amino zake wenyewe, yaani vipande vinavyojenga protini, kwa kutengeneza vimeng'enya ambavyo navyo vinatoka na kinyesi. Pamoja na vizuizi hivyo zipo lektini, ambazo hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuudhuru.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1917 Osborne na Mendel walionyesha kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakukua vizuri, lakini waliolishwa soya iliyopikwa walikua, na mwaka 1945 Kunitz alieleza jinsi alivyofanikiwa kukitenga kimojawapo cha vizuizi hivyo katika hali ya fuwele. Habari njema ni kwamba vizuizi vya tripsini na lektini vyote viwili ni protini, na joto la kutosha huviharibu.

Mkupuo wako wa kwanza haukuiva. Kupasuka kwa ganda na harufu nzuri ni dalili za nje tu, kwani karai juu ya kuni huunguza ganda haraka huku kiini cha punje kikiwa bado hakijapata joto la kutosha. Mkupuo wa pili uliungua. Joto linapozidi, sukari iliyomo ndani ya punje huungana na asidi amino, hasa lisini, na ile rangi ya kahawia iliyokolea uliyoiona ni alama ya muungano huo. Lisini iliyofungwa hivyo mnyama hawezi kuitumia hata kama kipimo cha maabara kitaonyesha kwamba protini ghafi haijapungua. Kuku wa nyama anahitaji lisini nyingi ili ajenge misuli, kwa hiyo uliondoa kilichokuwa kinamzuia kula protini, kisha ukaharibu sehemu ya protini yenyewe.

Kwa kuku na nguruwe, joto la ndani ya punje wakati inapotoka motoni linapaswa kuwa kati ya nyuzi 115 na 127 za Selsiasi. Ninasisitiza kwamba ni joto la punje, wala si la karai, la moto au la hewa iliyo ndani ya pipa, na wengi hupotea hapo.

Kuhusu kutambua kuiva, kipimo kinachotumika sana ni cha yurease. Hiki ni kimeng'enya kilichomo ndani ya soya, ambacho hakimdhuru kuku kwa namna ya vizuizi vya tripsini, lakini huharibika kwa joto linalokaribiana na linaloviharibu vizuizi hivyo, kwa hiyo tunakitumia kama shahidi. Maabara hutazama pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali, inavyopanda soya inapochanganywa na urea, na soya iliyoiva vizuri hupandisha pH kwa kati ya 0.05 na 0.20, ilhali mbichi hupandisha kwa takriban 2. Shambani unaweza kufanya kipimo kisicho na namba. Saga soya yako, weka kijiko kimoja ndani ya chupa safi ya kioo yenye kifuniko pamoja na nusu kijiko cha mbolea ya urea na vijiko vinne vya maji ya uvuguvugu, funga, na uiache mahali penye joto kwa nusu saa. Yurease ikiwa bado hai itaivunja urea na kutoa amonia, na ukifungua utasikia harufu kali ya mkojo, au karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa na kushikwa juu ya mdomo wa chupa itageuka buluu. Weka kando chupa nyingine yenye soya mbichi ili uwe na kitu cha kulinganisha, na usisogeze pua karibu mno.

Kipimo hiki kina udhaifu ambao ni lazima uufahamu: kinakamata soya isiyoiva tu. Soya iliyoiva na soya iliyogeuka mkaa zote hazitatoa harufu. Kwa upande wa kuungua, maabara hupima kiasi cha protini kinachoyeyuka katika mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi, na matokeo mazuri ni kati ya asilimia 70 na 85. Yakiwa juu ya hapo soya haijaiva vya kutosha, na chini ya 70 imeungua. Kama maabara iko mbali, itabidi utegemee rangi na kipimajoto.

---

Pipa la Kukaangia amejibu:

Ndugu yangu, mwenzetu amekupa elimu kamili, nami nitaongeza ya mikononi tu, kwa kuwa nimekaanga soya ya mifugo yangu kwa miaka kadhaa na nimeunguza ya kutosha kabla ya kupata mwelekeo.

Kwanza, achana na karai kwa kiasi kikubwa cha soya. Punje zinazogusa chuma zinaungua wakati za juu bado ni mbichi, na mkono wa binadamu haugeuzi kwa usawa hata ukijitahidi. Nilichukua pipa la chuma ambalo halikuwahi kubeba kemikali, fundi akalipitishia mhimili katikati, akaweka mpini upande mmoja na mlango mdogo ubavuni, kisha akachomelea ndani yake vipande vinne vya bati nene ambavyo huzinyanyua punje na kuziangusha pipa linapozunguka. Silijazi kupita theluthi moja, kwa sababu punje zinahitaji nafasi ya kuanguka na kuchanganyika. Asiyeweza kutengeneza pipa anaweza kutumia karai lenye mchanga mkavu uliochekechwa na kuoshwa, akaupasha moto mchanga kwanza kisha akamimina soya kidogo kidogo, kwani mchanga huizunguka kila punje na kuipa joto pande zote. Shida yake ni kuuchekecha wote utoke, maana mchanga ukibaki unasaga mashine na meno ya nguruwe.

Pili, kazi ya kukaanga huanza kabla ya moto kuwashwa. Mimi hupepeta soya na kuondoa maganda ya mimea, vijiti na punje zilizovunjika. Vijiti hushika moto ndani ya pipa, na vipande vya punje huungua mapema na kukudanganya kwa rangi na harufu yake ukadhani zote zimeiva. Soya ikauke pia kwa usawa. Ukichanganya iliyovunwa juzi na iliyokaa ghalani miezi miwili, yenye maji itachelewa kupata joto, kwa sababu joto hutumika kwanza kukausha maji, na kavu itaungua ikiisubiri mwenzake.

Tatu ni namna ya kupima joto la punje, na hapa naomba unifuatilie kwa makini, kwa maana ukilipata hili mengine yote yatakuwa mepesi. Ukichomeka kipimajoto ndani ya pipa kitakusomea joto la hewa na la chuma. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, ile inayotunza joto, uipashe kwa kuijaza soya ya moto mara moja na kuimwaga, kisha ujaze tena punje zilizotoka motoni muda huo huo, uzamishe kipimajoto kirefu cha chuma katikati na ufunike mdomo kwa kitambaa. Subiri mpaka namba iache kupanda, na namba hiyo ndiyo joto la punje. Mwanzoni nilipima kila baada ya dakika chache na kuandika katika daftari muda, kiasi cha kuni, rangi na joto, na baada ya mikupuo kama kumi jicho langu lilikuwa limejifunza, ingawa hadi leo bado napima kila mkupuo kabla ya kuutoa. Sitakutajia dakika, kwa sababu dakika za pipa langu si za pipa lako. Hata kuni zikiwa na unyevu kidogo hesabu yote inabadilika.

Ipo njia nyingine ya kujihakiki ambayo watu huidharau, nayo ni mizani. Soya yenye unyevu wa asilimia 13 ikikaangwa mpaka ibaki na asilimia 5, kilo 20 zinashuka hadi kilo 18 na gramu 300 hivi. Ukiona uzito haujashuka hata kilo moja, fahamu kwamba joto halijafika ndani. Vunja pia punje kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za mkupuo. Ndani ziwe na rangi ya dhahabu mpaka kahawia hafifu, na ukitafuna upate ladha ya karanga bila ile ladha ya ubichi inayokaa ulimini. Kahawia iliyokolea na uchungu ni ishara kwamba umepitiliza.

Mwisho, ukitoa soya, kazi haijaisha. Punje za moto zilizorundikwa zinaendelea kujipika zenyewe, na zikifungwa kwenye magunia zikiwa na joto zinaweza kuungua kutoka katikati ya gunia na hata kuwasha ghala. Mimi huzitandaza juu ya turubai safi, unene usiozidi upana wa vidole vinne, nazigeuza kwa reki mpaka zipoe kabisa mkononi, ndipo nazifunga.

---

Mama Ng'ombe wa Maziwa amejibu:

Nitajibu swali la ng'ombe, kwa kuwa naona limeachwa nyuma.

Ndugu yetu, ng'ombe aliyekomaa anaweza kula soya mbichi kwa kiasi, kwa sababu vijidudu vilivyomo katika rumeni, yaani tumbo lake la kwanza, huvivunja vizuizi vya tripsini kabla havijafika kwenye utumbo. Hata hivyo zipo tahadhari mbili ambazo ukizipuuza zitakugharimu. Ndama ambaye rumeni yake haijaanza kufanya kazi mhesabu kama kuku au nguruwe, asipewe soya mbichi kabisa. Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi: usichanganye soya mbichi na chakula chenye urea. Kile kile kitendo cha chupa alichokieleza mwenzetu kitatokea ndani ya tumbo la ng'ombe au hata kwenye chakula kilichokaa hori lenye unyevu, amonia itatoka kwa kasi kuliko vijidudu vinavyoweza kuitumia, na ng'ombe anaweza kufa kwa sumu hiyo. Wengi hununua vyakula vya mchanganyiko au vitofali vya kulamba bila kusoma kama vina urea, kwa hiyo soma.

Lakini hata kama soya mbichi haimuui ng'ombe, mimi huikaanga, tena kwa sababu tofauti na yenu. Protini ya soya mbichi huvunjwa karibu yote ndani ya rumeni, na ng'ombe anayetoa maziwa mengi anahitaji sehemu ya protini ipite salama mpaka kwenye utumbo mwembamba. Ukaangaji huikinga protini hiyo. Kwa lengo hilo joto la punje hupanda zaidi ya la kuku, kati ya nyuzi 143 na 149, kisha soya hufunikwa ndani ya chombo kinachotunza joto kwa nusu saa ili joto lipenye kwa usawa, na baada ya hapo hupozwa haraka. Ndiyo kusema kwamba soya ya ng'ombe na soya ya kuku hazikaangwi katika mkupuo mmoja. Usimpe kuku iliyoandaliwa kwa ng'ombe ukidhani ni bora kwa kuwa imepata moto zaidi.

Kwa ng'ombe pia usiisage iwe unga. Iparaze tu, kila punje ivunjike vipande viwili hadi vinne. Ukisaga laini unairudisha kuvunjwa rumenini na kuyaachilia mafuta kwa haraka, na mafuta mengi huwasumbua vijidudu wanaovunja nyuzi za majani, ng'ombe akapunguza kula na asilimia ya mafuta katika maziwa ikashuka. Fanya hesabu kabla ya kugawa. Soya ina mafuta ya karibu asilimia 19, na mafuta yote katika chakula cha siku yasizidi asilimia 6 ya chakula kikavu. Ng'ombe anayekula kilo 18 za chakula kikavu chenye mafuta ya asilimia 3 akipewa kilo 2 na nusu za soya badala ya kiasi kama hicho cha chakula hicho anafikia asilimia 5.2 hivi, na hapo yuko salama. Ng'ombe mdogo anayekula kilo 12 akibadilishiwa kiasi hicho hicho anafika 6.3, na hapo umezidisha, kwa hiyo kilo moja na nusu inamtosha.

---

Mkulima Mfugaji ameandika tena:

Nawashukuru sana, na wewe Mama shikamoo, kwa kunikinga na jambo ambalo sikulifikiria kabisa, kwani ng'ombe wangu wanalamba kitofali chenye urea na nilikuwa karibu kuwapa soya mbichi.

Nimefanya kipimo cha chupa. Soya mbichi imetoa amonia kali, mkupuo wa kwanza umetoa harufu karibu sawa na mbichi, na mkupuo wa pili haukutoa chochote, kama mlivyosema. Vifaranga nimewarudishia mashudu kwa sasa. Wakati fundi akiandaa pipa, je, ninaweza kuichemsha soya badala ya kuikaanga, na nitakapofanikiwa, nibadilishe mashudu kwa soya kilo kwa kilo?

---

Lishe na Mifugo amejibu:

Kuchemsha kunafaa, tena kwa asiye na kipimajoto ni salama zaidi dhidi ya kuungua, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100 na huizunguka kila punje. Mimina soya katika maji yanayochemka tayari, na uanze kuhesabu dakika 30 pale yanapochemka upya baada ya kumimina. Ikiwa shamba lako liko nyanda za juu sana, ongeza muda, kwani huko maji huchemka kwa joto la chini. Ugumu wake uko kwenye kukausha: tandaza tabaka jembamba juani siku hiyo hiyo na ugeuze mara kwa mara, maana soya iliyopikwa ikibaki na unyevu huota ukungu upesi. Jua pia kwamba si kuchemsha wala kukaanga kunakoondoa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwa hiyo punje zenye ukungu zitupwe kabla ya yote.

Kuhusu kubadilisha, usiende kilo kwa kilo. Mashudu yenye protini ya asilimia 46 yakibadilishwa na soya nzima yenye asilimia 38, kila kilo ya mashudu inahitaji kilo 1 na gramu 200 za soya. Soya hiyo inaleta pia mafuta, kwa hiyo punguza mahindi kidogo, na usisahau methionini, asidi amino nyingine, kwa sababu soya ina upungufu wake na kuku anaihitaji kwa manyoya na ukuaji. Kwa nguruwe wanaokaribia kuchinjwa punguza soya yenye mafuta, la sivyo mafuta ya nyama yatakuwa laini mno.

---

Pipa la Kukaangia amejibu:

Nami naongeza jambo moja la utunzaji. Soya nzima iliyokaangwa inakaa vizuri mahali pakavu, lakini ikishasagwa mafuta yake hukutana na hewa na kuanza kuchacha, na kuku huanza kukataa chakula kabla wewe hujasikia harufu. Saga ya wiki moja tu, mbili zikizidi sana. Pipa likiwa tayari, anza na mkupuo mdogo, fanya kipimo cha chupa, na uwape vifaranga wachache uliowatenga kwa siku kumi huku ukiwapima uzito kabla hujawapa banda zima.